Kukimbia pekupeku katika kazi za ukakamavu

Kukimbia pekupeku (pia: kukimbia miguu mitupu) ni kukimbia bila kuvaa viatu. Mara nyingi huzungumziwa pamoja na kukimbia kwa viatu vyepesi vyenye soli nyembamba, ingawa mambo hayo mawili hayafanani kabisa.

Mtu mzima aliyezoea raba zenye soli nene anaweza kuhamia kwenye kukimbia pekupeku, lakini mwili wake huhitaji miezi mingi ili kuzoea. Suala hilo ni zito zaidi kwa watu ambao ajira yao inawadai wawe wakakamavu wakati wote: wanajeshi, polisi, askari magereza, wazimamoto, waokoaji, askari wa wanyamapori na walimu wa michezo. Anayekimbia kwa kujifurahisha akiumia hupumzika. Askari akiumia anaweza kushindwa jaribio la mbio, kukosa kozi au kuondolewa kwenye zamu. Kwa sababu hiyo watu hao wanahitaji kujua jinsi ya kubadili polepole bila kupoteza nguvu wanazozitegemea kazini.

Historia

Kwa sehemu kubwa ya historia yao, binadamu walitembea na kukimbia bila viatu au kwa makubazi mepesi. Raba za kukimbilia zenye kisigino kinene na sponji zilianza kuenea katika miaka ya 1970. Katika Afrika ya Mashariki watoto wengi wa vijijini waliendelea kwenda shule kwa miguu mitupu. Mmoja wao ni Mkenya Tegla Loroupe, ambaye kila siku alikimbia takriban kilomita 10 kwenda shule. Mwaka 1994 alikuwa mwanamke wa kwanza kutoka Afrika kushinda marathoni ya New York.

Hata majeshini miguu mitupu haikuwa jambo geni. Picha za askari wa King's African Rifles za mwanzoni mwa karne ya 20 zinawaonyesha wamezungushia vitambaa kwenye miundi, huku nyayo zao zikiwa wazi. Baadaye buti likawa sehemu ya sare.

Mkimbiaji pekupeku mashuhuri kuliko wote alikuwa mwanajeshi. Abebe Bikila wa Ethiopia alitumikia katika kikosi cha walinzi wa Kaisari Haile Selassie, na alifundishwa na Msweden Onni Niskanen. Tarehe 10 Septemba 1960 alishinda marathoni ya Michezo ya Olimpiki mjini Roma bila viatu, kwa muda wa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, ambao ulikuwa bora kuliko muda wowote uliowahi kukimbiwa hadi siku hiyo. Miaka minne baadaye alishinda tena mjini Tokyo, safari hii akiwa amevaa viatu, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Ushindi wa Roma hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba viatu havihitajiki. Ushindi wa Tokyo unakumbusha kwamba mtu yuleyule alikwenda kasi zaidi akiwa na viatu. Linalosahaulika ni kwamba Abebe hakubadili ghafla usiku wa mashindano: miguu yake ilikuwa imezoea ardhi tangu kabla hajafika Roma.

Wengine waliofaulu bila viatu ni Mwingereza Bruce Tulloh, aliyeshinda mbio za mita 5,000 katika mashindano ya Ulaya mjini Belgrade mwaka 1962, na Zola Budd, mzaliwa wa Afrika Kusini, aliyekimbia kwa niaba ya Uingereza katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984.

Mwaka 2009 mwandishi Mmarekani Christopher McDougall alitoa kitabu "Born to Run", kinachosimulia juu ya Watarahumara wa Meksiko wanaokimbia masafa marefu kwa makubazi membamba. Kitabu hicho kiliwavuta watu wengi, wakiwemo askari. Biashara ya viatu vyembamba ikakua, hasa viatu vya kampuni ya Vibram vyenye mfuko wa kila kidole. Mwaka 2014 kampuni hiyo ilikubali kutoa dola milioni 3.75 ili kumaliza kesi ya wateja wa Marekani waliodai kwamba ilitangaza faida za kiafya bila uthibitisho wa kutosha. Haikukiri kosa.

Jinsi mguu unavyofanya kazi

Kuanzia kifundo kwenda chini, mguu mmoja una mifupa 26 na maungio 33. Mifupa mitano mirefu ya katikati ya wayo, inayoitwa metatarsali, huunganisha sehemu ya nyuma na vidole. Chini yake kuna upinde wa wayo unaoshikiliwa na misuli midogo na utando mgumu. Nyuma, kano ya Achilles huunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Kwa pamoja sehemu hizo hufanya kazi kama springi: hujikunja mguu unapotua na kurudisha sehemu ya nguvu unapoinuka.

Raba yenye kisigino kinene humruhusu mkimbiaji kupiga hatua ndefu na kutua kwa kisigino bila maumivu, kwa kuwa sponji hupunguza mshindo. Akivua viatu na kukimbia kwenye sehemu ngumu, kisigino huuma. Kwa hiyo wengi hufupisha hatua, huongeza idadi ya hatua kwa dakika, na hutua kwa sehemu ya mbele au ya katikati ya wayo.

Mabadiliko hayo huhamisha mzigo. Goti hupata nafuu, lakini shavu la mguu, kano ya Achilles na metatarsali hubeba zaidi ya zilivyozoea. Mzigo haupotei. Ndiyo maana mtu mwenye maumivu ya goti anaweza kupata faraja, na mwenye kano dhaifu akazidi kuumia.

Matokeo ya utafiti

Mnamo Januari 2010 Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti uliolinganisha wakimbiaji wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya. Uligundua kwamba waliozoea kukimbia pekupeku walitua mara nyingi kwa sehemu ya mbele ya wayo, na kwamba mshindo wa kwanza wa kutua kwao ulikuwa mdogo kuliko wa wanaotua kwa kisigino.

Mwaka 2013 utafiti mwingine ulichunguza Wadaasanach wa kaskazini mwa Kenya, ambao pia wamezoea kwenda bila viatu. Walipokimbia kwa mwendo waliouchagua wenyewe, wengi wao walitua kwa kisigino. Hivyo hakuna namna moja tu ya asili ya kukimbia: mwendo hutegemea kasi, ardhi na mazoea.

Mwaka huohuo wa 2013 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Brigham Young nchini Marekani. Wakimbiaji wazoefu 36 waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja liliendelea na raba za kawaida. Jingine lilihamia polepole kwenye viatu vyembamba kwa muda wa wiki 10. Picha za miguu yao zilipopigwa kwa mashine ya MRI, watu 10 kati ya 19 wa kundi la pili walionyesha ongezeko la uvimbe ndani ya mifupa ya miguu, wakati katika kundi la raba alikuwa mtu 1 kati ya 17. Uvimbe wa namna hiyo ni hatua ya awali inayoweza kufikia ufa wa mfupa.

Kuhusu matumizi ya nguvu, inajulikana kwamba kila gramu 100 zinazoongezwa kwenye kila kiatu huongeza mahitaji ya oksijeni kwa takriban asilimia 1. Hata hivyo sponji nayo huiokolea misuli kazi, hivyo faida ya wepesi wa miguu mitupu hupungua au hutoweka.

Kwa jumla, utafiti haujathibitisha kwamba wanaokimbia pekupeku huumia mara chache kuliko wenzao. Tofauti iliyo wazi ni mahali pa kuumia. Kwa upande mwingine, majeshi ya Marekani yalijaribu kuwapa makuruta raba zilizochaguliwa kwa kufuata umbo la wayo, na majeraha hayakupungua. Viatu vya gharama navyo havileti kinga ya uhakika.

Tatizo la tishu kuzoea kwa kasi tofauti

Mtu anayefanya mazoezi kila siku huwa tayari ana moyo, mapafu na misuli yenye nguvu. Akivua viatu, pumzi yake inamruhusu kukimbia kilomita 10 siku hiyohiyo. Mifupa na kano zake hazijawa tayari. Mtu asiye na mazoezi hulindwa na uchovu, kwa kuwa pumzi humwishia kabla mifupa haijaumia. Mtu mkakamavu hana kinga hiyo. Hapo ndipo askari hodari huumia kuliko mwanafunzi wa kawaida.

Misuli huanza kuimarika baada ya wiki chache. Kano huhitaji miezi. Mfupa una utaratibu wake: unapopata mzigo mpya, chembe hai maalumu kwanza huondoa sehemu ya mfupa wa zamani, ndipo nyingine hujenga mfupa mpya mahali pale. Mzunguko huo huchukua takriban miezi mitatu hadi minne, na katika wiki za mwanzo mfupa huweza kuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa kabla ya mazoezi. Mtu akiongeza mwendo wakati huohuo kwa sababu anajisikia vizuri, ufa unaweza kutokea.

Madaktari wa jeshi wanalifahamu jambo hilo tangu zamani. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia aitwaye Breithaupt alieleza maumivu na uvimbe wa miguu kwa askari waliotembea masafa marefu. Baada ya eksirei kugunduliwa mwaka 1895, ilionekana kwamba chanzo kilikuwa nyufa za metatarsali. Hadi leo nyufa hizo ni miongoni mwa majeraha yanayowasumbua sana makuruta duniani, kwa kuwa kozi huwaongezea ghafla mwendo, gwaride na mizigo ya mgongoni.

Wapo wanaodhani kwamba aliyekulia kijijini bila viatu hana haja ya kujiandaa. Dhana hiyo ni ya hatari. Mwili hujijenga kufuatana na mzigo unaoupata sasa. Aliyevaa buti kwa miaka 10 anapaswa kuanza kama mgeni, hata kama utotoni alikimbia mchakamchaka pekupeku kila asubuhi.

Namna ya kubadili

Kanuni kuu ni kutenganisha mazoezi mawili. Mazoezi ya kulinda pumzi na kasi yaendelee kwa viatu vilevile vya zamani. Mazoezi ya pekupeku yahesabiwe kama kipimo kidogo cha dawa kinachoongezwa juu yake, wala yasichukue nafasi yake hadi miguu iwe imezoea. Kwa njia hiyo ukakamavu haushuki.

Wakati wa kuanza una uzito mkubwa. Unaofaa ni ule ulio mbali na jaribio la mbio, kozi, operesheni au kipindi cha kubeba mizigo, na uwe mrefu wa miezi minne au zaidi. Kuruta aliye depo asianze kabisa; mwili wake tayari unabeba mageuzi ya kutosha.

Utaratibu ufuatao ni mfano kwa mtu mwenye afya anayekimbia kilomita 30 kwa wiki:

Wiki ya 1 hadi ya 4: Hakuna kukimbia pekupeku. Atembee bila viatu nyumbani na uani kwa dakika 20 hadi 30 kila siku. Ajiinue kwa ncha za vidole na kushuka taratibu, mara 15, kwa miguu yote miwili na baadaye mguu mmoja mmoja. Mbio zote zibaki za raba.

Wiki ya 5 hadi ya 8: Mwishoni mwa mbio za kawaida avue raba na kukimbia dakika 2 kwenye nyasi fupi au mchanga ulioshikana. Afanye hivyo mara mbili au tatu kwa wiki, na siku zisifuatane. Kila wiki aongeze dakika 1 tu.

Wiki ya 9 hadi ya 16: Aendelee kuongeza dakika 1 au 2 kwa kila wiki, na kila wiki ya nne apunguze badala ya kuongeza. Kufikia mwisho wa kipindi hiki, kukimbia kwa dakika 15 mara mbili au tatu kwa wiki ni maendeleo mazuri.

Baada ya hapo anaweza kupanua kidogo kidogo, au kubaki hapohapo. Wanariadha wengi hutumia dakika hizo chache kama zoezi la kuimarisha nyayo, na hukimbia sehemu kubwa ya kilomita zao kwa viatu.

Zamu za kazi nazo zizingatiwe. Maumivu ya mashavu ya miguu huwa makali zaidi siku moja au mbili baada ya zoezi jipya. Mzimamoto anayeweza kuitwa wakati wowote apange zoezi la pekupeku mwanzoni mwa siku zake za mapumziko, si usiku wa kuamkia zamu. Wiki yenye matembezi ya mizigo au ulinzi wa usiku usio na usingizi isiongezwe kitu. Anayelazimika kupunguza mbio anaweza kulinda pumzi kwa baiskeli au kuogelea. Kuruka kamba hakufai kama mbadala, kwa sababu huzielemea sehemu zilezile za mguu.

Mwendo wenyewe uwe wa hatua fupi na nyepesi. Kisigino kiruhusiwe kugusa ardhi baada ya sehemu ya mbele kutua. Kukimbia juu ya vidole muda wote huichosha kano ya Achilles. Mlio mkubwa wa nyayo ni ishara kwamba mtu anatua kwa nguvu.

Viatu vyembamba huonekana kama daraja kati ya raba na miguu mitupu, lakini vina mtego wake. Ngozi isiyofunikwa huuma mapema na kumlazimu mtu kusimama. Kiatu chembamba huizuia onyo hilo bila kupunguza mzigo wa mifupa.

Dalili za hatari

Uchovu wa mashavu ya miguu unaoenea pande zote mbili na kupungua ndani ya siku mbili ni wa kawaida. Dalili zifuatazo zinadai kuacha mbio mara moja na kumwona daktari:

- maumivu ya sehemu moja ya mfupa, hasa juu ya wayo, yanayoongezeka yakibonyezwa kwa kidole;
- maumivu yanayozidi kadiri mtu anavyokimbia, au yanayobaki wakati wa kupumzika na usiku;
- uvimbe juu ya wayo;
- ugumu na maumivu ya kano ya Achilles kila asubuhi;
- kuchechemea.

Eksirei ya wiki mbili au tatu za kwanza mara nyingi haionyeshi ufa. Picha safi haimaanishi kwamba mfupa ni mzima, na maumivu yakiendelea uchunguzi urudiwe au ufanywe kwa MRI. Ufa wa metatarsali ukigunduliwa mapema, kwa kawaida hupona kwa wiki sita hadi nane za kupumzisha mguu. Ukifichwa ili mtu asiondolewe kwenye kozi, unaweza kuwa mvunjiko kamili na kumtoa kazini kwa miezi.

Hatari za ardhini

Miba, vioo, misumari na lami iliyochomwa na jua huumiza wayo. Jeraha lolote la kuchomwa linaweza kuingiza vijidudu vya pepopunda, hivyo chanjo iwe imekamilika. Katika nchi za joto kuna pia funza, ambao huingia ngozini hasa kwenye vidole na kisigino, na mabuu ya minyoo ya safura, ambayo hupenya ngozi ya miguu mahali penye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Nyayo zioshwe na kukaguliwa baada ya kila zoezi. Uwanja wa nyasi unaojulikana ni salama kuliko njia ya kichakani.

Kanuni za mavazi kazini

Mtumishi mwenye sare hana uhuru kamili wa kuchagua. Mwaka 2011 jeshi la nchi kavu la Marekani lilikataza viatu vyenye vidole kuvaliwa pamoja na sare ya mazoezi, likitaja mwonekano wa kijeshi. Aidha, majukumu yenyewe hudai buti: mzimamoto hawezi kuingia kwenye moto pekupeku, wala askari wa doria porini. Hata aliyezoea miguu mitupu anahitaji kuendelea kukimbia na kutembea kwa buti mara kwa mara, ili miguu isiwe migeni kwa vazi la kazi.

Wasiopaswa kujaribu

Wenye kisukari au ugonjwa mwingine uliopunguza hisia za miguu wasikimbie pekupeku, kwa kuwa hawawezi kutambua jeraha mapema. Vivyo hivyo wenye ufa wa mfupa usiopona, kano ya Achilles yenye maumivu, au kidonda wayoni. Wanawake waliokosa hedhi kwa sababu ya mazoezi makali au ulaji duni huwa na mifupa dhaifu, na wamwone daktari kwanza.

Mtu anayekimbia kwa viatu bila maumivu na kufaulu majaribio yake hana sababu ya kiafya inayomlazimu kubadili.

Tazama pia

- Abebe Bikila
- Kano
- Marathoni
- Mbio za masafa marefu
- Mifupa
- Pepopunda